Yule Aliyewapiga Picha

Kwamboka, mwana wa mwanangu,

Ukiona mwandiko umenyooka hivi usidhani nimeingia shule tangu ulipotoka asubuhi. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe wa baba. Anayeandika ni Mama Atieno, yule fundi wa nguo wa sokoni Sironga. Nimemwita makusudi wakati umeenda Ogembo kuwaaga shangazi zako. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kule ziwani, na Kigusii chake kinaishia kwenye vitambaa na vifungo, tumekutana katika Kiswahili, kile nilichookota nikichuma chai kwenye mashamba makubwa nikiwa msichana. Basi ukikuta maneno yamenyooka ni yake. Ukikuta yamepinda ni yangu.

Sitakuambia habari ya kujifunika baridi, wala kula, wala wavulana. Hayo tumeyasema mpaka sufuria zimeyajua. Nataka kusema lile nililoanza jana jikoni ukanikumbatia shingo ukacheka, "Shosho, wachana na hiyo, hayo ni mambo ya chuo." Ni kweli, ya chuo siyajui. Lakini ya watu nayajua kidogo, na sidhani chuo chenu kinasomesha mawe.

Ni ile picha.

Ulinionyesha kwenye simu, klabu yenu ya miti, mmejipanga kwenye ngazi, kila mtu na sweta ya kijani yenye kofia, mti umechorwa kifuani. Wewe katikati umebeba kombe kubwa kuliko chungu changu cha kupikia wimbi. Nilifurahi, usiseme sikufurahi. Nilimwita hata yule jirani nisiyepatana naye, aje aone, kusudi aumwe na tumbo. Halafu nikaanza kumtafuta Mwende.

Kwa sababu mwaka wako wa kwanza, Kwamboka, kila ukipiga simu ilikuwa Mwende. Mimi na Mwende tumeazima jembe kwa yule mzee anayefyeka nyasi. Mimi na Mwende tumechimba mashimo nyuma ya bweni. Mimi na Mwende tumebeba maji kwa ndoo, wenzetu wakitucheka kutoka madirishani. Mimi huyo msichana wa Ukambani sijamwona kwa macho, lakini nilimjua kuliko watoto wengine wa hapa kijijini. Klabu ilikuwa nyinyi wawili na jembe la kuazima. Leo mnajaza ukumbi, na umechaguliwa mwenyekiti, na kesho unarudi kukalia hicho kiti.

Nikakuuliza, "Mwende ni yupi hapa?"

Ukacheka, ukasema, "Si ndiye alitupiga picha? Hakuwa na sweta, Shosho. Angeharibu rangi."

Nikakuuliza siku hizi anaendeleaje. Ukasema haji tena mikutanoni, mmemtoa kwenye kundi la simu, sheria ni sheria, asiyehudhuria anatoka. Kisha chai ikafurika ukakimbilia jiko, na ulipomaliza kupangusa ukaanza habari nyingine.

Mimi sikuanza nyingine. Nimebaki papo hapo tangu jana.

Hiyo sheria yenu naijua, mwanangu. Niliitunga mimi, hapa kilimani, mama yako akiwa bado mgongoni.

Unajua nilikuwa mwenyekiti wa wanawake. Umesikia nikiitwa Mama Mwenyekiti na wazee wa kanisani, na ulikuwa unaona fahari. Hukuwahi kuuliza kwa nini hilo jina likitajwa mimi sigeuki haraka. Ngoja nikuambie kilianzaje kile kikundi, kwa sababu kilianza kama chako.

Mimi na Kerubo tuliolewa kilima hiki msimu mmoja. Mlango wake ulitazamana na wangu, kijito kikiwa katikati. Sote wawili tulikuwa wageni hapa, hatujui hata njia ya mtoni ni ipi isiyo na mbwa. Siku moja nimeinama kwenye mahindi, jua kali, nasikia mtu anacheka nyuma yangu. Ni Kerubo, jembe begani.

"Wewe kichwa ngumu," akasema, "utamaliza shamba hili peke yako mpaka lini? Leo tulime lako, kesho langu."

Kulimiana huko sisi tunakuita egesangio. Hatukukuanzisha sisi, mama zetu walifanya na nyanya zetu walifanya, ila kilima hiki kilikuwa kimeacha kulimiana. Tukaanza wawili, tukawa wanne, tukawa safu inayotoka ua huu mpaka ua ule. Na desturi yake unaijua: unayelimiwa siku hiyo unawapikia waliokuja kulima. Kwa Kerubo tulikunywa uji wa wimbi na viazi vitamu vya kuchemsha. Kwangu tulikunywa uji wa wimbi na viazi vitamu vya kuchemsha. Hakuna aliyechungulia sufuria ya mwenzake, kwa sababu ilikuwa sufuria ile ile inayotembea nyumba kwa nyumba.

Halafu nikachinja kuku.

Mama Atieno ameinua kalamu ananitazama. Anasema, "Mama, hiyo tu? Kuku?" Ndiyo, kuku. Andika.

Mwaka huo ndizi zangu zilikubali, nikaona nifurahishe wenzangu. Hilo ndilo nililojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka kusifiwa. Nikachinja kuku wawili wenye mafuta. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wa ng'ambo wakadhani nimepata mkwe. Zamu iliyofuata mwenzangu naye akachinja, angefanyaje? Aliyefuata akaongeza wali. Aliyefuata akaongeza chapati. Tukaanza kuongea njia nzima habari ya tulichokula kwa nani, na shamba lenyewe hatulitaji. Kisha nikasema tushone nguo za kitambaa kimoja, za maua ya samawati, tukawa tunalima kama maharusi. Wanawake wa Ogembo wakatoka kwao kuja kutuona. Mkubwa mmoja wa kilimo akaja na gari akatusifu, nikasimama mbele nikaongea mpaka akaangalia saa. Sikuwa nimesoma, Kwamboka, na watu waliosoma walikuwa wananipigia makofi. Hujui hiyo kitu inavyomlewesha mtu ambaye hajawahi kuonja pombe.

Hakuna mkutano uliokaa ukasema maskini watoke. Kuku ndiye aliyesema.

Kerubo alikuwa na mume wa kukaa tu, na watoto waliofuatana kama vidole. Zamu yake ilipofika akasema, "Ruka kwangu kwanza, magugu bado madogo." Tukaruka. Ikarudi, akasema vile vile. Na magugu yake, mwanangu, yalikuwa yanatuchungulia juu ya ua. Yalikuwa marefu kuliko mahindi. Kila mwanamke aliyaona, na mimi niliyaona kutoka mlangoni pangu kila nikifagia. Lakini yeye kwa wenzake alikuja kulima kila mara, wa kwanza kufika. Sufuria ikifunuliwa anasema tumbo linamuuma, anakaa kando anang'oa majani kwenye jembe lake. Nikaamini tumbo. Mwenyekiti mzima, nikaamini tumbo.

Sasa wale wa maua ya samawati wakaanza kunung'unika kwamba mmoja wetu harudishi. Wakaniambia wewe ndiye mwenyekiti, sema. Nami nilikuwa na ulimi, mnaujua. Siku hiyo tuko shambani, Kerubo yuko mwisho wa safu, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kuanzia leo, asiyetukaribisha kwake asituhesabu wenzake. Kuna watu kwao hakuliki, lakini mstari wa chakula wanaujua kuliko mstari wa jembe."

Wakacheka. Nilikuwa najua kuchekesha watu.

Na Kerubo hakuwa hata anakula! Hicho ndicho kilichonikaa kooni baadaye. Nilimtukana kwa chakula ambacho hakuwahi kukitia mdomoni.

Unadhani aliondoka? Alimaliza mstari wake. Alilima mpaka mwisho, akapiga jembe kwenye jiwe udongo ukaanguka, akaliweka begani, akavuka kijito. Sisi tukaenda kula.

Hakurudi. Nami sikumfuata. Ningevuka kijito tu, Kwamboka, maji yenyewe hayafiki gotini. Kila siku nilisema yeye ndiye aliyekasirika, atakuja akipoa. Kisha mume wake akakodisha shamba kwa mtu, na Kerubo akabeba watoto akaenda Nyansiongo kukamua ng'ombe wa watu na kuchuma chai ya watu. Nilipata habari hiyo sokoni, kutoka kwa mtu ambaye hata si wa kilima chetu.

Kikundi kiliendelea. Kilipendeza, kilikuwa na nguo. Lakini mwingine akapata tumbo la kuuma, na mwingine magugu yake yakawa madogo. Hatukugombana. Watu wakigombana ni afya, maana bado wanatakana. Sisi tulipungua kama maji kwenye chungu chenye ufa, husikii kitu, unakuja kuchota unagusa chini. Nami nilikuwa nimekalia kiti hicho mpaka kikachukua umbo langu, sikumfundisha mtu kushika zamu, kwa hivyo nilipougua miguu hakuna aliyejua leo ni kwa nani. Wakaanza kukodi vibarua. Ikaisha.

Halafu mama yako akafa.

Hapa nimemwambia Mama Atieno anywe chai kwanza.

Ulikuwa hujaanza kutambaa. Watu walikuja, wengi, na wale wa samawati walikuja. Walikaa kwenye hema. Mimi nilikuwa nimelala kitandani nikitazama ukuta, nikasikia mtu nyuma ya nyumba anatoa amri kwa sauti ninayoijua: leta kuni hizo, hilo sufuria halijaoshwa. Kerubo. Alikuwa ametoka Nyansiongo, hakupita mbele kusalimia mtu, aliingia jikoni moja kwa moja. Alibeba maji, alipika, alisugua masufuria na majivu mpaka mama yako akazikwa. Nikapeleka mtu amwambie aketi ale. Akajibu ameshiba. Nilipoinuka kumtafuta alikuwa ameshaenda. Alifanya kazi yote ya msiba wangu, na chakula cha nyumba yangu hakukigusa.

Nilipopata nguvu nikakufunga mgongoni nikaenda Nyansiongo. Nilimpata kwenye kinyumba cha wafanyakazi, safi, mbele amepanda mboga za chinsaga. Zamani angeniona angesema, "Wewe kichwa ngumu, njoo ushike mtoto huyu." Siku hiyo alisimama. Alisimama kama mtu anayesimamia mgeni. Akapangusa kiti akasema, "Karibu, Mama Mwenyekiti."

Nikasema, "Kerubo, nimekuja kwa sababu nilikukosea."

Akasema, "Mgeni haongeleshwi na njaa. Kula kwanza."

Na akatoka nje, nikasikia kuku analia. Alikuwa na kuku mmoja pale uani, niliwaona wakati naingia, yeye na vifaranga. Nilipaza sauti, "Kerubo, tafadhali, mimi uji unanitosha!" Alinichinjia yule mama wa vifaranga, Kwamboka. Akanipakulia mapaja yote mawili. Yeye akakaa akikushika wewe, akikuchezesha mdomo, hakula.

Nilikula. Kukataa kungekuwa tusi la pili. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama kile.

Baadaye akasema, "Yale yalipita. Nilikusamehe hata kabla sijafika barabarani."

Nikashika hapo, nikasema, "Basi rudi. Nitazungumza na mzee wako, shamba lirudi, tulime wawili kama zamani. Kwa uji."

Alicheka kidogo, na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho nasikia kicheko chake. "Moyo ulisamehe mapema," akasema. "Mgongo ndio ulishazoea kulima peke yake."

Akanisindikiza mpaka barabarani, akanibebea kikapu, akaniaga vizuri. Kila kitu vizuri. Ningependa anitukane.

Mwaka uliopita, ukiwa chuoni, alikufa. Nilikwambia kwenye simu nimeenda kwenye matanga ya rafiki, ukasema pole Shosho. Nilifika asubuhi, nikaenda moja kwa moja nyuma, jikoni, leso imefungwa kiunoni, tayari kwa kazi. Binti yake mkubwa akanizuia kwa heshima kabisa. Akasema, "Hapana Mama, wewe ni mgeni wetu." Akanishika mkono akanipeleka kwenye hema akanipa kiti cha plastiki mbele, na wazee. Nikakaa. Mtu aliyenivukia kijito na jembe, nikiwa peke yangu katika kilima cha watu, nikamzika nimekaa.

Mama Atieno ameacha kuandika kidogo. Anasema vumbi limemwingia jichoni. Kwa mvua hii inayopiga mabati, vumbi la wapi? Namwambia aendelee, naye ananiuliza kama apunguze makali ya maneno haya, kwa kuwa wewe bado ni mtoto. Nimemwambia asipunguze chumvi kwenye sufuria isiyo yake.

Sasa najua utakachosema. Utasema Mwende si Kerubo. Labda amepata mchumba, labda masomo yamemshika, labda miti imemchosha. Inawezekana. Mimi sijui. Lakini, Kwamboka, wewe pia hujui, na wewe ndiye mwenyekiti. Uliniambia kwa kuhesabu kwa vidole ni miche ya aina gani imekauka na kwa nini imekauka. Mtu aliyechimba nawe shimo la kwanza amekauka, na ulichonacho ni sheria.

Sikuambii mvunje sheria. Kikundi bila sheria ni soko siku ya mvua. Wala masweta si dhambi, nami nilipenda yale maua ya samawati, bado ninayo moja nachambulia mboga. Ninachosema ni kwamba kila kitu kizuri mnachoongeza, kuna mtu mmoja anakihesabu kimya kimya na kuona hakifikii. Hatainua mkono kusema. Maskini mwenye heshima hasemi hana, anasema ana kazi nyingine siku hiyo. Wewe unajua hivyo, mwanangu. Si ulisema una malaria, ile siku wenzako wa darasa la nane walipoenda safari ya Kisumu? Nilikuona umelala na viatu.

Kwa hivyo ukifika, kabla ya mkutano, kabla hujapanga nguo zako, nenda ubishe mlango wa huyo msichana. Uende mwenyewe. Usitume ujumbe kwa simu, simu haina uso. Na usimpelekee sweta! Nakuona unavyofikiria, una moyo mwepesi, utakusanya wenzako mumnunulie mumvike mpige picha nyingine. Ukifanya hivyo utakuwa umemchinjia kuku. Nenda mikono mitupu. Mwambie ulicheka na haikuwa ya kucheka. Halafu umuombe mkachimbe, nyinyi wawili, nyuma ya lile bweni, na nguo za kuraruka. Akikataa, usimbembeleze kwa maneno mengi, chimba peke yako mahali anapoweza kukuona, na kesho yake ubishe tena. Usingoje apoe. Watu hawapoi, wanazoea.

Huenda umechelewa. Sitakudanganya kwamba kila mlango unafunguka, nimekuambia yangu uone. Lakini wewe bado una mlango wa kubisha. Mimi siku hizi nikifagia naangalia ng'ambo ya kijito, naona majani chai ya mtu mwingine, yamestawi kweli kweli.

Kesho sitasema lolote kati ya haya. Nitakufungia ndizi na karanga, nitakugombeza kwamba mkoba umejaa kupita kiasi, nitamwomba yule wa boda boda asikimbie, na ukipotea kwenye kona nitarudi ndani ya nyumba hii ambayo itakuwa imekuwa kubwa ghafla. Usinihurumie. Mhurumie unayeweza kumfikia.

Na ukishaenda kwake, utanipigia. Usinieleze klabu imepata wanachama wangapi wapya, wala mkuu wa chuo alisema nini. Mkiwa wawili, matope miguuni, mpe huyo msichana simu. Nitamuuliza kwao wanapanda nini.

Mimi, nyanya yako Nyamoita, na mkono wa Mama Atieno ambaye amekataa kuondoka kabla hajakuandikia kwamba naye anakusalimu.